Michano ya Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wasanii na ngoma mpya

## Mambo ya msingi

Hip hop na Bongo Fleva ni kitu kimoja?

Walizaliwa nyumba moja, kisha wakahamiana. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kijana wa Dar akikwambia anafanya muziki wa kizazi kipya, ujue anachana, yaani anarap. Saleh Jabir alishinda shindano la Yo Rap Bonanza mwaka 1991 na kuonyesha kwamba Kiswahili kinakaa vizuri tu juu ya biti ya Kimarekani. Kwanza Unit wakajikusanya 1993. Mr. II, yaani Sugu, akaja na "Ndani ya Bongo" mwaka 1996, na hapo mama ntilie na konda wa daladala nao wakaanza kusikiliza, maana walisikia maisha yao mle ndani.

Jina la Bongo Fleva, ambalo wengi humhesabia mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One, lilipoanza kutumika liliwafunika wote. Baadaye waimbaji wakawa wengi kuliko wachanaji, mapenzi yakashika usukani, na jina likabaki kwa waimbaji. Ndiyo maana leo wapo wachanaji ambao ukiwaita wasanii wa Bongo Fleva watakurekebisha hapo hapo, tena si kwa upole.

Mimi nina kipimo kimoja cha kienyeji: toa kiitikio. Wimbo ukibaki umesimama, hiyo ni rap. Ukianguka, ulikuwa umeegemea mwimbaji.

Mbona mnasema "ya Dar" wakati nusu ya hao watu wametoka mikoani?

Kwa sababu Dar ni stendi. Sugu ametoka Mbeya, Fid Q Mwanza, Afande Sele na Stamina Morogoro, Roma Tanga, Joh Makini na wenzake wa kundi la Weusi Arusha. Walifuata studio na redio, kama mfanyabiashara anavyofuata mzigo Kariakoo. Wengi hawakuacha kwao nyuma: Fid Q mpaka leo anaichana Mwanza kama hajawahi kupanda basi.

Wenyeji nao wapo, na mitaa yao inasikika. Temeke ilitoa Gangwe Mobb, ambako Inspekta Haroun aliuita mtindo wake "rap katuni": sauti inapinda, inacheka, inaigiza watu watatu ndani ya vesi moja. Temeke hiyo hiyo ikamtoa Juma Nature na TMK Wanaume, kundi lililokuja kugawanyika likawa Wanaume Halisi na Wanaume Family. Ilala ina Chid Benz, sauti ya kuamsha jirani. Mtu wa Temeke hachani kama mtu wa Sinza, na masikio yakishazoea utawatenganisha bila kuambiwa.

Maneno gani niyajue kabla ya kusoma habari za ngoma mpya?

Kuchana ni kurap, na michano ndiyo kazi yenyewe. Mistari ni mashairi ya rap, vesi ni fungu lake, ngoma ni wimbo, na kuachia ngoma ni kuitoa hadharani. Mitindo huru ni kuchana bila kuandika. Kandamseto ni mkusanyiko wa ngoma usiobanwa na taratibu za albamu. Jina hilo lilipata nguvu kwa watu wa kundi la Tamaduni Muzik, na kwa maoni yangu ni moja ya maneno mazuri kabisa yaliyotoka kwenye muziki huu.

Neno linalowachanganya wageni ni "andagraundi". Kwingine ni msanii aliyeamua kukaa mbali na redio. Bongo, andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka, na kutoka maana yake ni kujulikana. Kwa hiyo mtu akisema "mimi ni andagraundi", mara nyingi hajisifu. Anaomba msaada.

Kuna uhusiano wowote kati ya rap na ushairi wa Kiswahili, au ni maneno tu ya wachanaji?

Upo, na unasikika. Mshairi wa kimapokeo ana mizani 16 kwa mstari, nane kila upande, na vina vya kati na vya mwisho. Mchanaji naye ana mistari 16 kwa vesi. Kulingana kwa hizo 16 ni sadfa tu, ila sadfa tamu. Tazama mfano huu nilioutunga mwenyewe, usicheke:

*Daladala ya Mbagala, imejaa hadi ngazi,*
*Konda kapanda kalala, chenji yangu haiwazi.*

Kina cha kati ni "la", cha mwisho ni "zi". Mshairi ameridhika, anakwenda mstari wa tatu. Mchanaji bado hajaridhika: "kapanda" imegongana na "konda", naye atataka "imejaa" ipate mwenzake, tena mwenzake adondoke pale ngoma inapopiga. Fid Q aliita albamu yake ya 2004 "Vina Mwanzo Kati na Mwisho". Jina tu hilo linakuambia alikuwa anaongea na nani.

## Ngoma mpya

Ngoma mpya hutoka siku gani?

Wenye kampuni za kusambaza huachia Ijumaa, kama dunia nzima. Wengine huachia siku video inapokamilika, hata ikiwa Jumanne saa tano usiku. Mwezi wa Ramadhani wengi hushikilia ngoma za starehe, kisha Iddi inapofika zinamwagika kwa pamoja na hujui uanze na ipi.

Nifuate nani ili nisipitwe?

Watu wengi hufuata wasanii. Mimi nashauri ufuate maprodyuza. Msanii anaweza kukaa miezi minane bila kutoa kitu, lakini prodyuza anafanya kazi kila wiki, na mlango wa studio yake ndiko chipukizi wanakopanga foleni. Zamani ukiona jina la P-Funk Majani wa Bongo Records ulinunua kanda bila kuuliza. Duke aliwajengea Tamaduni Muzik biti zao pale M Lab. Ringle Beatz ukimkuta, Dizasta Vina hayuko mbali. S2Kizzy yeye hufanya kazi zaidi na waimbaji, ila akimpa mchanaji biti, sikiliza.

Utawajuaje? Sekunde tano za mwanzo. Karibu kila prodyuza ana saini yake ya sauti: jina linalotamkwa, kicheko, mlio fulani. Andika majina hayo pembeni, na ukikutana na msanii usiyemjua mwenye saini unayoiamini, mpe vesi moja kabla ya kupita.

Kwa upande wa redio, vipindi kama XXL cha Clouds FM na Planet Bongo cha East Africa Radio vimetambulisha ngoma nyingi kwa miaka mingi. Ila andagraundi siku hizi hutangulia YouTube, Boomplay na Audiomack, na redio inakuja nyuma ikihema.

Msanii katangaza ngoma, mwezi umepita, kimya. Kulikoni?

Mara nyingi hakuna njama yoyote. Niliwahi kukaa kwenye studio moja ya uswahilini, chumba kimoja, trei za mayai ukutani, godoro limesimamishwa mlangoni kuzuia kelele za nje. Feni ilizimwa kila jamaa alipoanza kurekodi, kwa sababu maiki ilikuwa inashika mlio wake. Mchanaji alikuwa kifua wazi, jasho linamtiririka mpaka kwenye karatasi ya mistari. Kwenye mstari wa kumi na mbili wa vesi ya pili, LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Kompyuta ikazima, na hakuna aliyekuwa amehifadhi.

Walichangishana, umeme ukarudi, akarekodi tena. Mistari ilikuwa ile ile, lakini ile hasira ya mara ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na umeme. Ngoma hiyo ilitangazwa mara mbili na haikutoka. Ndiyo hivyo: LUKU, mtu wa kiitikio aliyesafiri, video isiyolipiwa, prodyuza aliyeuza biti mara mbili.

Kwa nini nyimbo ni nyingi na albamu chache?

Zamani ilikuwa kinyume chake. Kati ya mwaka 2000 na 2005 hivi, albamu ndiyo ilikuwa cheti cha msanii: kundi la Hard Blasters na "Funga Kazi", kisha Professor Jay wa kundi hilo akiwa peke yake na "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001. Ziliuzwa kama kanda kupitia wasambazaji wachache wa Kariakoo, ambao wasanii waliwalalamikia usiku na mchana, kisha asubuhi wakawapelekea kazi nyingine. CD za kuchoma zilipojaa mitaani, biashara hiyo ikafa, na ngoma moja moja ya redioni ikawa ndiyo tangazo la kupatia shoo.

Watu wa kandamseto hawakukubali. Waliuza CD mkono kwa mkono, mara nyingine msanii mwenyewe akikuletea hadi kazini kwako. Sasa huduma za kusikiliza mtandaoni zimerudisha hamu ya albamu: Weusi walitoa "Air Weusi" mwaka 2021, Young Lunya akaja na "Mbuzi". EP, ambayo ni kama nusu albamu, ndiyo chaguo la mtu mwenye nyimbo tano nzuri na busara ya kutoongeza nyingine saba.

## Wasanii

Mimi mgeni kabisa. Nianze na nani kati ya wanaotoa kazi siku hizi?

Inategemea unapenda nini. Ukitaka visa, anza na Dizasta Vina. Mfululizo wake wa "Hatia" usiuruke katikati. Uanze mwanzo, kaa chini, weka simu pembeni. Huyu anaandika kama mtu wa riwaya, kila mhusika ana sababu yake ya kukosea. Rapcha, aliyelelewa na Bongo Records ya Majani baada ya lebo hiyo kufufuka, naye alijulikana kwa kisa cha "Lissa". Nakuonea wivu wewe ambaye hujakisikia.

Ukitaka kasi na majigambo, Young Lunya. Alitokea kundi la OMG pamoja na Con Boi na Salmin Swaggz, na sikio lake la mdundo ni la hatari: anaweza kuchelewa nusu pigo makusudi, ukadhani amepotea, kumbe anakusubiri mbele. Ukitaka mistari ya kurudia mara tatu na kamusi pembeni, nenda kwa Nikki Mbishi, One The Incredible na Songa. Nash MC, wanayemwita Maalim, ni wa wale wanaokitetea Kiswahili kwa ukali wote.

Wanawake wako wapi?

Wapo tangu zamani, tatizo ni nafasi wanayopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zay B na Sister P walikuwa na upinzani uliogawa shule za sekondari pande mbili. Witnesz alitokea kundi la Wakilisha, pamoja na Langa na Shaa. Baadaye wakaja Chemical, Rosa Ree, ambaye alianzia lebo ya The Industry ya kina Navy Kenzo, na Frida Amani kutoka Arusha.

Kinachonikera ni kwamba mtangazaji akimpata mwanamke anayechana, swali la kwanza ni kuhusu mwanamke mwingine anayechana. Rosa Ree alinganishwe na mtu yeyote aliyeachia ngoma wiki hiyo.

Wakongwe bado wanatoa kazi?

Wanatoa, na si kwa kujikumbusha tu. Professor Jay aliugua vibaya mwaka 2022, akalazwa Muhimbili kwa muda mrefu hadi watu wakaogopa kuuliza. Aliporudi, mwaka 2023, alikuja na "Siku 462", hesabu ya siku za ugonjwa wake. Sauti si ile ya "Ndiyo Mzee", imepungua mwili, lakini namna anavyopanga maneno utamjua tu.

Wengine hawakupata nafasi ya kuzeeka. Albert Mangwea alifariki Mei 28, 2013 akiwa Afrika Kusini, na Langa akafuata mwezi uliofuata. Waulize wachanaji wenye miaka thelathini na kitu waliandika mstari wao wa kwanza wakimwiga nani. Jina la Ngwea halikosi.

Nani mkali kuliko wote?

Swali hili lina majibu mapya kila baada ya bia ya pili. Tunaliruka.

Singeli nayo ni hip hop?

Hapana, ila ni mpangaji wa chumba cha pili. Imekulia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, vya Manzese, Tandale na jirani zake, kasi yake ni maradufu, na redio ya EFM iliipa nafasi kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Mtu wa singeli anarusha maneno mfululizo kama mchanaji wa mitindo huru, anataja majina ya waliopo, anamchokoza aliyevaa kofia nyekundu. Ukitaka kujua kijana wa uswahilini mwenye umri wa miaka 17 anapeleka wapi maneno yake leo, usiangalie hip hop peke yake.

## Redio, pesa na serikali

Ni kweli redio inataka hela ndiyo ipige ngoma?

Nakueleza nilichokiona mwenyewe. Nilimsindikiza rafiki kupeleka CD kwenye kituo kimoja. Mlinzi getini aliipokea kwa heshima na kuiweka kwenye boksi la maji ya chupa, juu ya CD nyingine nyingi. Wiki mbili baadaye tulirudi kuulizia. Boksi lilikuwa pale pale, CD yetu bado iko juu, imeshika vumbi. Hakuna aliyetudai hata mia. Hakuna aliyesikiliza pia.

Wapo wanaosema walidaiwa, wapo wanaosema waliombwa "ya soda". Ushauri wangu: hela hiyo ipeleke kwenye kuchanganya sauti vizuri.

Sasa mchanaji anakula wapi?

Shoo, matangazo ya biashara, miito ya simu, kolabo za kulipwa, kampeni za siasa kila miaka mitano, na kidogo kidogo kutoka mtandaoni. Wengi wana kazi ya mchana. Kusajili kazi COSOTA, taasisi iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, hakukupi utajiri, ila siku kampuni ikitumia wimbo wako bila ruhusa utakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Wimbo unaweza kufungiwa?

Unaweza. BASATA, baraza la sanaa lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosajili wasanii na kutoa vibali, na adhabu pia. Mwaka 2017 ulikuwa wa ajabu: Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", BASATA wakaufungia, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, na akashauri uongezewe watu wengine wa kusemwa. Aprili mwaka huo huo, Roma na wenzake walichukuliwa studio na "watu wasiojulikana", wakaonekana baada ya siku 3. Machi 2018 Roma akafungiwa miezi 6 kwa sababu ya "Kibamia" alioufanya na Stamina. Mwaka 2024 Nay akaitwa tena kujibu tuhuma za "Nitasema".

Kwa hiyo ukisikia wimbo wa siasa umetoka asubuhi, usingoje jioni kuusikiliza.

Mbona wachanaji wengi wanaishia bungeni?

Si wengi kiasi hicho, ila wanaonekana. Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010, Professor Jay wa Mikumi kuanzia 2015, Mwana FA wa Muheza kuanzia 2020 na naibu waziri kuanzia 2023. Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe 2021. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu elfu kumi na kueleweka bila kamusi, jukwaa la kampeni halimtishi. Wakishapata kiti wanachana tena? Wachache, na kwa uangalifu (soma jibu lililotangulia).

## Maswali ya pembeni

Nina mistari yangu. Niingieje studio?

Nenda na vesi mbili ulizozishika kichwani, si simuni. Uliza bei ya biti, ya kurekodi na ya kuchanganya sauti kila moja peke yake, maana "elfu hamsini kila kitu" huwa haina kila kitu. Nenda na flashi yako, uondoke nayo ikiwa na sauti mbichi. Na ulizia LUKU.

Nikichukua biti YouTube, ngoma ni yangu?

Mistari ni yako. Biti si yako mpaka uinunue, hata kama imeandikwa "ya bure": mara nyingi ni ya bure kwa mazoezi tu. Ngoma ikianza kuingiza hela, mwenyewe ataiangusha, na atakuwa na haki.

Mimi Mkenya (au niko Lubumbashi, Muscat, Toronto). Maneno mengine siyapati kabisa.

Hata Mtanzania wa Lindi hayapati yote. Kiswahili cha kitaa hubadilika haraka kuliko nauli. Usitafute tafsiri ya neno moja moja. Sikiliza vesi nzima mara mbili, kisha soma maoni chini ya video, ambako kila mara kuna mtu anayeeleza na mwingine anayembishia. Katikati ya ubishi huo ndipo maana ilipo.

Nina boksi la kanda za miaka ya 90 nyumbani. Zina faida yoyote?

Kubwa sana. Ngoma nyingi za enzi hizo hazipo mtandaoni, na studio zilizorekodi zilishapoteza au kufuta mikanda mama. Kanda yako ya shilingi mia kadhaa inaweza kuwa ndiyo nakala pekee yenye vesi ya tatu iliyokatwa redioni.

Usiicheze kwanza. Izungushe kwa kalamu mbele na nyuma taratibu ili utepe uachane, angalia kama kile kisponji kidogo cha katikati bado kipo, ndipo uiweke kwenye redio kaseti iliyosafishwa kichwa kwa spiriti. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, rekodi upande mzima bila kusimamisha, hata pale mtangazaji anapoongea juu ya wimbo. Hasa hapo, maana ndipo tarehe inapotajwa. Piga picha ya karatasi ya ndani pande zote mbili, majina ya walioshukuriwa yasikatwe.